Skana ya Slaidi Ichaguliwe kwa Giza, Si kwa Namba ya Kwenye Boksi

Anayetafuta skana ya kuhamishia slaidi za familia kwenye kompyuta hukutana kwanza na namba. Boksi moja limeandikwa nukta 6,400 kwa inchi, jingine 7,200, na muuzaji husisitiza kuwa iliyo kubwa ndiyo bora. Namba hizo zina maana yake, lakini hazijibu swali linalotuhusu zaidi. Swali letu ni hili: bibi aliyepigwa picha mwaka 1968 akiwa amekaa barazani, jua la saa saba likiwaka uani na uso wake ukiwa kivulini ndani ya kanga, je, skana hii itamtoa akiwa na macho na mashavu yake, au itamtoa kama kiraka cheusi? Hoja ya makala haya ni kwamba skana ya slaidi ichaguliwe kwanza kwa uwezo wake wa kuona gizani, pili kwa muda ambao familia inao, na namba ya nukta ije ya tatu. Anayepanga kinyume chake atapata mafaili makubwa ya watu wasioonekana.

Slaidi haifanani na picha ya karatasi. Picha ya karatasi ni nakala, na ikipotea huku negativu ipo, inachapishwa nyingine. Slaidi ni filamu ileile iliyokuwa ndani ya kamera siku ya tukio, ikasafishwa, ikakatwa na kutiwa kwenye fremu ya karatasi ngumu au plastiki yenye sentimita tano kila upande. Kwetu Afrika Mashariki hazikuwa za kila mtu. Zilihitaji kamera ya milimita 35, filamu ya bei, mara nyingi safari ya posta kwenda kusafishwa ng'ambo, na projekta ya kuzitazamia. Ndiyo maana leo hupatikana zaidi katika nyumba za walimu, madaktari, watumishi wa serikali, wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, kwenye misheni, na kwa waliosoma nje. Aliyesoma Uingereza au Marekani alirudi na Kodachrome au Ektachrome. Aliyetoka Zanzibar kwenda kusoma Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwa rafiki wa karibu wa visiwa hivyo tangu 1964 na iliyosaidia kujenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani, huenda alirudi na filamu za ORWO kutoka kiwanda cha Wolfen.

Aina ya filamu si jambo la kupita haraka, maana kila moja imezeeka kwa namna yake. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa kwa ajili ya slaidi mwaka 1936 na kusimamishwa na Kodak mwaka 2009, hutunza rangi zake kwa miongo mingi ikikaa gizani, ingawa taa ya projekta huichosha upesi. Ektachrome za miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi zimeshageuka nyekundu, na ORWO nazo hazikuwa na uimara wa Kodachrome. Ukiinua slaidi mbili za mwaka mmoja dirishani, moja inaweza kuonyesha bahari ya buluu kama jana, na ya pili ikaonyesha mji mzima kama uliopakwa maji ya rosela. Kabla ya kuulizia bei ya skana yoyote, basi, fungua masanduku, soma maandishi ya kwenye fremu, na uhesabu una ngapi za kila aina. Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia mtambo.

Orodha hiyo pia itakuonyesha muda uliobaki. Picha ndani ya filamu imeshikiliwa na jelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na kwa kuvu hicho ni chakula. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda mrefu kuvu huota, na katika miji yetu ya pwani hewa huvuka kiwango hicho miezi mingi ya mwaka. Ukiitazama slaidi iliyoshambuliwa kwa kioo cha kukuzia, utaona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kutoka kwenye kitovu kimoja, zikipita juu ya anga na juu ya nyuso bila kuchagua. Nyuzi hizo hazikukaa juu ya picha tu, bali zimeila. Tatizo la pili ni la filamu yenyewe. Nyingi za wakati ule zimejengwa juu ya asetati, ambayo kwa joto na unyevu huanza kuvunjika na kutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huharakisha uvunjikaji zaidi. Sanduku likifunguliwa na kunuka siki, kazi imeshaanza bila wewe. Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, hutengeneza vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi kuonyesha asidi imefika wapi, lakini hata pua ya kawaida inatosha kukuambia sanduku lipi litangulie.

Sasa turudi kwenye giza. Weusi wa filamu hupimwa kwa ngazi, na kila ngazi ni mara kumi ya iliyotangulia. Penye weusi wa 1 hupita moja ya kumi ya mwanga, penye 2 hupita moja ya mia, na penye 3 hupita moja ya elfu. Sehemu nyeusi kabisa ya slaidi hukaribia 3.6, yaani mwanga unaopenya ni kama moja ya elfu nne. Mpiga picha wa slaidi alifundishwa kulinda sehemu nyeupe, kwa sababu slaidi iliyopata mwanga kupita kiasi hubaki tupu na haina tiba. Katika picha ya harusi ya pwani, basi, kamera ilipimwa kwa kanzu nyeupe na ukuta wa chokaa uliopigwa na jua. Kanzu ikatoka vizuri, nyuso za waliosimama chini ya makuti zikazama kwenye ngazi za weusi mkubwa. Hazikufutika. Zimo ndani ya filamu, ila zimekaa mahali ambapo mwanga hupenya kwa shida, na skana dhaifu haifiki huko.

Historia ya filamu yenyewe inaongeza uzito wa jambo hili. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, alieleza jinsi maabara za picha za rangi zilivyolinganisha mitambo yao kwa kadi zenye sura ya mwanamke Mzungu, na jinsi ngozi nyeusi ilivyokosa kuzingatiwa wakati kemikali za filamu zikiundwa. Kwa maelezo aliyoyakusanya, mabadiliko yalisukumwa na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia zitofautishwe vizuri katika matangazo yao. Kwa hiyo picha za wazee wetu zilianza safari zikiwa zimepunjwa tayari. Tukiziskani leo kwa mtambo unaojipangia wenyewe, unaotazama kanzu nyeupe na kuamua kwamba picha ina mwanga wa kutosha, tutakuwa tumewapunja mara ya pili, na safari hii kwa mikono yetu.

Uwezo wa skana kuona gizani nao huandikwa kwa namba. Epson Perfection V600 imeandikiwa 3.4, na V850 Pro imeandikiwa 4.0. Namba hizi ni za watengenezaji na huelezea hali bora kuliko ile ya mezani, kwa hiyo zichukuliwe kama dokezo tu. Kipimo cha kweli ni rahisi na kila mtu anaweza kukifanya. Chagua slaidi nyeusi kuliko zote ulizonazo, iskani, kisha kwenye kompyuta ing'arishe sehemu ya giza peke yake. Skana yenye uwezo itaanza kutoa vitu: kwanza ukosi, halafu mkunjo wa buibui, halafu jicho. Skana dhaifu itatoa punje nyekundu na za buluu zisizo na umbo, au mistari iliyonyooka inayokatisha uso. Usinunue skana iliyotumika bila kuomba jaribio hilo. Hakikisha pia kwamba unaweza kuongeza mwanga kwa mkono, kuipitisha slaidi mara mbili kwa viwango tofauti vya mwanga na kuunganisha matokeo, na kuhifadhi faili la TIFF la biti 16 kwa kila rangi. Programu za VueScan na SilverFast zinafanya hayo kwa skana nyingi, zikiwamo za zamani ambazo watengenezaji wameshaacha kuzihudumia.

Atakayepinga atasema: lakini ukali wa picha ni muhimu, na kazi hii hufanywa mara moja tu, kwa nini tusichukue namba kubwa kuliko zote? Ni hoja yenye haki yake, na jibu lake ni hesabu. Picha ya slaidi ina milimita 24 kwa 36. Ukiiskani kwa nukta 3,200 za kweli kwa inchi, unapata takribani pikseli 4,535 kwa 3,024, karibu megapikseli 14, zinazotosha kuchapisha picha kubwa kuliko karatasi ya A4 kwa ubora kamili. Ukienda 7,200 unapata karibu megapikseli 69, na kila faili la TIFF la biti 16 linavuka megabaiti 400. Slaidi 500 zitakula zaidi ya gigabaiti 200, na sehemu kubwa ya uzito huo itakuwa punje za filamu na mtikisiko wa mkono wa aliyepiga. Tena namba ya boksi si ya kweli. Vipimo huru vya kadi za mistari vimeonyesha kwamba V600 yenye maandishi ya 6,400 hutoa kama 1,500 hadi 1,600 tu, V850 kama 2,300, na Plustek OpticFilm 8200i yenye maandishi ya 7,200 hutoa pungufu kidogo ya nusu yake. Kwa slaidi, basi, V600 hutoa megapikseli tatu na ushee za kweli, na Plustek huzidi kumi. Tofauti hiyo ina maana. Tofauti kati ya 7,200 na 6,400 za kwenye matangazo haina.

Hapa ndipo orodha yako inapoamua. Familia yenye negativu nyingi za studio na slaidi chache haina haja ya mtambo wa slaidi. Kwenye negativu mambo yamegeuzwa: uso mweusi na kivuli ndizo sehemu nyepesi za filamu, mwanga hupita bila taabu, na hata skana ya wastani huziona. Negativu za studio pia mara nyingi ni kubwa. Ile ya sentimita sita kwa sita, ikipita kwenye V600, hutoa karibu megapikseli 12 za kweli. Kwa masanduku ya namna hiyo skana bapa, ile ya kufunua mfuniko na kulaza karatasi, ikiwa na taa ndani ya mfuniko, inatosha kabisa, na itafanya pia albamu, vyeti na barua. Bila taa hiyo ya juu skana ya ofisini haifai kwa filamu, hata iwe ghali namna gani, kwa sababu filamu huangazwa kwa nyuma.

Familia yenye slaidi mia chache, nyingi za nje na za juani, inafaa kutafuta skana maalumu ya filamu kama Plustek, au Nikon Coolscan iliyotumika ikiwa kuna fundi wa kuitunza na kompyuta inayokubali waya wake wa zamani. Skana hizi zina msaada mwingine mkubwa kwetu, nao ni mwanga wa infraredi. Rangi za filamu huupitisha mwanga huo, ila vumbi na mikwaruzo huuzuia, kwa hiyo skana hujua uchafu uko wapi na programu huufuta. V600 na V850 pia zinao. Kwa slaidi zilizokaa na vumbi la miaka 50 ni nafuu kubwa, lakini ina mipaka ambayo muuzaji hataitaja. Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe ina chembe za fedha zinazozuia infraredi, na ukiiwasha skana itadhani picha yenyewe ni uchafu. Kodachrome nayo huichanganya, kwa hiyo izimwe au ikaguliwe kwa makini. Kuvu iliyokwisha kula picha haitarudishwa na mwanga wowote. Na kabla ya yote slaidi ipulizwe kwa pampu ndogo ya mkono. Maji ni mwiko, maana hulainisha jelatini.

Slaidi zikiwa maelfu, muda ndio unaoshika usukani. Plustek hupokea slaidi moja moja kwa mkono. V600 hubeba nne na V850 kumi na mbili, lakini kila moja huchukua dakika zake. Chukua makadirio ya dakika nne kwa slaidi: slaidi 500 ni saa zaidi ya 33, na 3,000 ni saa 200. Kazi ya saa 200 za jioni, umeme ukiwa unakatika, mara nyingi haimaliziki, na slaidi zilizobaki sandukuni huendelea kuliwa na kuvu. Kwa mzigo huo njia bora ni kamera ya kidijitali yenye lenzi ya makro, taa bapa yenye rangi sahihi nyuma ya slaidi, na kishikio imara kama Nikon ES-2. Kamera ya megapikseli 24 hupita ukali unaohitajika, huona gizani vizuri, na ukipiga kila slaidi mara mbili, mara ya pili kwa mwanga zaidi, unapata kanzu na uso wote wawili. Mamia yatakwisha kwa siku moja. Kinachokosekana ni infraredi, hivyo vumbi utalisafisha kwa mkono. Wapiga picha wa harusi wapo kila mtaa na kamera wanazo tayari, na familia yenye maelfu ya slaidi ingeanza kwa kuzungumza na mmoja wao kabla ya kununua chochote. Vile visanduku vidogo vyenye kioo cha kuonyeshea, vinavyotoa picha kwa sekunde chache, nisingevipendekeza kwa slaidi. Vingi hukuza pikseli kwa kukisia, hukata kingo, huhifadhi JPEG peke yake, na hupanga mwanga vyenyewe, kwa hiyo huanguka hasa pale penye giza.

Yapo mapingamizi mengine matatu. La kwanza ni kwamba simu inatosha. Simu juu ya taa inafaa sana kwa kazi moja: kupiga haraka slaidi zote na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili wazee waseme nani ni nani. Lakini simu hulainisha ngozi na kupanga mwanga kwa hukumu yake, na WhatsApp huminya picha, kwa hiyo zihesabiwe kuwa orodha, zisihesabiwe kuwa nakala. La pili ni kwamba programu za akili mnemba sasa hurudisha picha yoyote. Hapa sina budi kuwa mkali. Programu hizo hutengeneza uso kutokana na nyuso nyingine zilizofundishwa, na pale filamu isipoonyesha kitu hujaza kinachofanana na kitu. Jicho litakalotokea si la bibi yako. Kwa mtoto ambaye hakumwona bibi huyo, sura ya kubuni itakuwa ndiyo kumbukumbu, na hakutakuwa na wa kumsahihisha. Skana inayofika gizani hutoa kilichomo, na pasipo na kitu huacha giza, jambo ambalo nalo ni ukweli.

La tatu ni gharama, nalo ni zito, kwa sababu skana nzuri au lenzi ya makro si bei ya mtu mmoja wa kipato cha kawaida. Lakini slaidi za babu si mali ya mtu mmoja. Ukoo unaounda kamati na kuchangishana kwa harusi ya siku moja unaweza kuchangishana kwa hili, na tofauti na ukumbi wa harusi, skana ikimaliza kazi inauzwa au inahamia tawi jingine la familia. Kwa atakayenunua iliyotumika kutoka nje, asome maandishi ya kwenye adapta. Iliyoandikwa volti 100 peke yake imetengenezwa kwa Japani na itaungua kwenye umeme wetu. Kwa atakayeamua kulipia studio, ambalo ni chaguo halali, aulize mambo matatu kabla ya kukabidhi sanduku: je, nitapewa TIFF za biti 16, je, mwanga wa kila slaidi hupangwa na mtu, je, slaidi zitatoka nje ya jengo hili? Asipojibiwa vizuri hata moja, na arudi na sanduku lake.

Mpangilio wa kazi, basi, uwe huu. Masanduku yanayonuka siki au yenye kuvu yatengwe na yatangulie. Slaidi nyeusi kuliko zote ifanywe mtihani wa kila skana, kila kamera na kila studio itakayofikiriwa. Nukta za kweli zikifika kama 3,000 kwa inchi, ziada yoyote ya fedha iwekwe kwenye uwezo wa kuona gizani na kwenye kasi. Nakala ziwe tatu, mbili kwenye diski tofauti na ya tatu nje ya nyumba hiyo, na majina ya watu yaandikwe ndani ya faili wakati wanaowajua bado wapo kutueleza. Slaidi zenyewe zisitupwe. Zikaushwe, zifungwe kwenye chombo kisichoingiza hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, kwa sababu mitambo ya miaka ijayo huenda ikafika gizani zaidi kuliko ya leo. Mwaka wa kufanya haya ni huu, maana kuvu haisubiri bei ya skana ishuke.